Meza ya Mafuta na Baba Mkwe Mlangoni

Rozina na Veneranda,

Leo nimeadhirika. Si kidogo kama ile siku niliyoteleza mbele ya padri. Leo nimeadhirika mbele ya serikali mbili kwa mpigo.

Mnajua Ambokile wangu ni karani na mkalimani hapa bomani Mbeya. Sasa kuna shauri kubwa la mafuta. Si ya kupikia. Mafuta ya taa, haya haya tunayopimiwa dukani kwa chupa, kumbe yanatoka chini ya udongo! (Mimi miaka yote nilidhani mwenye duka anayatengeneza mwenyewe chumba cha nyuma.) Basi huko kwao Ambokile, bondeni Kyela, kwenye mto wa mpakani, watu waliona maji ya bwawa yanang'aa rangi rangi. Wazungu wakasema huenda chini yake kuna mafuta. Serikali yetu ikaipa kampuni moja ruhusa ya kuchimba. Zikaja mvua, mto ukahama njia, bwawa likaamkia upande wa pili. Serikali ya ng'ambo nayo ikaipa kampuni yake ruhusa ya kuchimba pale pale. Ndipo wakubwa wa pande zote mbili wakaitana Mbeya kuzungumza.

Mpishi wa Bwana Mkubwa wetu ameshikwa na homa. Ambokile akajitolea kusema kwamba mke wake alifundishwa na masista huko Iringa kumimina chai bila kelele. Ni kweli nilifundishwa, na Kiingereza kidogo pia. Ndivyo nilivyojikuta bomani asubuhi hii, na kitambaa cheupe kiunoni.

Hapa lazima niwaeleze habari ya baba mkwe, la sivyo hamtanielewa. Kwetu baba mkwe unamwinamia, unamsalimia, unampelekea maji ya kunawa, mambo yamekwisha. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamwoni baba mkwe. Hamwoni kabisa. Akitokea njiani unaingia migombani, unajifunika kichwa na kuchuchumaa mpaka apite. Huongei naye. Jina lake hulitaji, ndiyo maana hata humu siliandiki. Na huyu wangu hakunitaka tangu mwanzo. Alimwambia Ambokile kwamba msichana wa Iringa hajui kumwogopa mkwe, na kwamba nikikosea mara moja tu nipandishwe basi nirudi kwetu. Mpaka aone mwenyewe kwamba namwogopa, hanihesabu kuwa mke wa mwanawe. (Ataonaje, na hatakiwi kuniona? Nilimwuliza Ambokile. Akasema hata yeye hajui.) Ila baba mkwe anakaa Kyela, sisi tuko Mbeya, na milima iko katikati. Kwa msaada wa milima hiyo nimekuwa mkwe hodari sana.

Turudi bomani. Jamani, kile chumba! Meza ndefu kama kitanda cha watu wanane, imefunikwa kitambaa cha kijani mpaka sakafuni. Juu yake ramani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ziwa lote limelala pale, la buluu, na milima yetu hii inayotutoa jasho imekuwa vimistari vya kahawia. Iringa nzima unaifunika kwa kidole gumba. Nilitafuta Kihesa kwa jicho la pembeni huku namimina, nikakuta hatukupewa hata nukta.

Na walivyozungumza! Kwetu watu wawili wakigombea mfereji, kelele zinafika kanisani. Hawa wanagombea utajiri wa chini ya ardhi, nao wanapeana sukari. Bwana Mkubwa wetu, mnene, mwenye kiko, akisema mpaka ni pale mto ulipokuwa, Bwana Mrefu wa ng'ambo anamshukuru sana, kisha anasema mpaka ni pale mto ulipo. Wetu naye anamshukuru. Asubuhi yote walishukuriana namna hiyo na hakuna aliyesogea hata unywele. Nilisimama na jagi la maziwa mkononi, nimeduwaa, nikawaza kwamba huenda kweli hivi ndivyo dunia inavyogawanywa, kwa sauti ya chini na biskuti.

Kisha Bwana Mkubwa wetu akasema ameleta shahidi, mzee aliyeujua mto kabla haujahama. Wakasimama wote kutazama mlangoni. Askari akafungua mlango, bunduki begani, akapiga mguu chini, akataja jina la shahidi kwa sauti ya gwaride.

Lile jina nisiloandika.

Nilimtazama Ambokile. Ambokile alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Yeye naye aliambiwa ni mzee fulani tu wa mtoni, hakujua kwamba usiku baba yake amepandishwa lori. Na mlango ni ule mmoja, na baba mkwe yuko ndani yake. Nikatazama mapazia. Mapazia ya boma yanaishia pale dirisha linapoishia, maana serikali haipotezi kitambaa. Nikavuta khanga kichwani, nikaingia chini ya meza.

Na jagi la maziwa. (Ningeweza kuliacha. Lakini masista walisema usiweke jagi mezani bila kuambiwa.)

Chini ya meza kuna nchi nyingine. Viatu vyeusi vinang'aa, upande huu vyetu, upande ule vya ng'ambo, na katikati mimi peke yangu. Juu waliendelea na adabu zao. Chini niliona Bwana Mkubwa wetu anajikuna mguu mmoja kwa mwingine, na Bwana Mrefu amevua kiatu kimoja, na soksi yake imetoboka kidoleni. Kumbe hata serikali inawashwa.

Ndipo nikamsikia baba mkwe. Ni mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake. Walimwuliza mambo ya mto, akajibu taratibu, kama anayesemesha jirani juu ya ua, na Ambokile akawa anatafsiri. Akasema pale bwawani babu zake walilima mpunga. Akasema amesafiri njia yote hiyo na hajasikia mtu akiuliza habari ya mpunga. Huko chini nilisisimka mwili mzima, nikasahau kama naogopa.

Kisha wakamwambia asogee aonyeshe kwenye ramani.

Ile miguu ikaja. Miguu mitupu, mikubwa, yenye nyufa, ikapita chini ya kitambaa na kusimama mbele ya pua yangu. Je, miguu nayo ni mkwe? Sikuwa na wa kumwuliza. Nikafumba macho, nikarudi nyuma kwa magoti, jagi likainama. Maziwa yote yakaingia katika kiatu cha Bwana Mrefu.

Wakati huo huo Bwana Mrefu akataka kuvaa kiatu chake.

Sitaeleza ule ukelele. Meza iliruka. Askari akachomoa rungu. Kitambaa kikafunuliwa, na hapo serikali zote mbili zikainama kwa pamoja kunitazama, mimi nimepiga magoti na khanga mpaka kidevuni na jagi tupu kifuani.

Ambokile akamwambia baba yake neno moja kwa lugha yao: mkweo. Nilisikia ile miguu inaondoka haraka kuelekea mlangoni, kisha ikasimama. Baba mkwe alikuwa amegeukia ukutani, kando kabisa ya mlango, amefunika uso kwa shuka lake. Bwana Mkubwa akamwomba atoke nje kidogo tu. Ambokile akatafsiri. Mzee akajibu akiwa ameelekea ukuta ule ule.

"Mimi nimeitwa na serikali. Anayempisha mwenzake ni mkwe."

Kupita mlangoni nisingeweza, maana khanga yangu ingemgusa. Basi wakakaa tena kitako, wakaanza kunijadili mimi. Bwana Mrefu, mguu mmoja unachuruzika, akasema mwanamke ni wa serikali mwenyeji, kwa hiyo mwenyeji amwondoe. Bwana Mkubwa akamshukuru sana, akasema mwanamke ni wa mwenyeji, lakini kwa sasa yuko upande wa meza wa wageni. Ambokile alitafsiri maneno yote hayo, kwa baba yake na kwa mke wake, kwa heshima moja. Sijui alipata wapi nguvu. Namheshimu mume wangu kuliko jana.

Mwishowe mmoja akatazama dirisha. Mwenzake naye akatazama dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakaitikia kwa kichwa pamoja.

Bwana Mkubwa akanishika mkono wa kushoto, Bwana Mrefu wa kulia, wakanitoa dirishani. Na kwa kuwa boma limejengwa mteremkoni, dirisha liko juu. Khanga ikanasa kwenye komeo. Nikabaki naning'inia nimefunikwa uso, serikali moja kila mkono, mbele ya watu wote wanaongoja kesi zao uwanjani, na wanakwaya waliokuja kuomba kibali cha sherehe. Nilipoanguka kwenye maua, mama mmoja akanisogelea kwa huruma.

"Pole mwanangu. Umekamatwa na nini?"

"Na mkwe," nikasema.

Nimerudi nyumbani mbio, nimetoa sanduku, nimeanza kukunja nguo. Nililia, sitawaficha. Miguu yake nimeiona. Maneno yake nimeyasikia. Mkutano wa serikali mbili nimeuvunja kwa jagi moja. Nikawa nawaza basi la Iringa linaondoka lini, na nitamwambia nini mama yangu nikishuka pale stendi na jani la maua kichwani.

Ambokile ameingia jioni hii, hata jua halijazama. Amekaa kitako bila kuvua kofia. Amesema juu ya mafuta hawakukubaliana chochote, ila wameacha kushukuriana. Wamecheka mpaka Bwana Mrefu akamwaga maziwa ya kiatu dirishani, na watashuka Kyela wote pamoja wakautazame mto wenyewe, mzee akiwa nao. Nikamwambia aache habari za mto. Baba amesema nini?

Akasema alimsindikiza baba yake mpaka kwenye lori. Mzee akapanda, akaweka fimbo yake vizuri, ndipo akamwambia mwanawe:

"Chumba kimejaa Wazungu. Bunduki iko mlangoni. Na yule mtoto ameniogopa mimi."

Kisha mzee akasema nisipandishwe basi, na kwamba msimu wa mavuno niletwe Kyela, nijengewe jiko langu kama mke wa mwanawe.

Nimekaa hapa na hizi nguo mapajani, mwili bado unanisisimka. Nichekeni basi, najua mmeshaanza. Ila chekeni huko huko Kihesa. Huku mimi ni mkwe wa watu.

Wenu,
Anastazia