Ng'ombe Walioitwa Uwanjani

Jumapili, 6 Desemba 1981. Isiolo.

Mazoezi nyuma ya ghala la ngozi. Wachezaji wangu ni sita, waliofika wanne, aliyefika na akili zake mmoja: Ekeno. Huyo Mturkana akiruka unaweza kupitisha mbuzi chini yake na mbuzi asiiname. Mchana anapasua mbavu buchani, jioni ananichezea mimi. Wale wawili ati wako kanisani. Kanisa gani hilo linalotoka saa kumi na moja jioni?

Nimewaeleza tena. Hii si ngoma ya kukaribisha wageni. Hii ni tamthilia ya ngoma! Hadithi nzima inasemwa na mwili, mchezaji hafungui mdomo. Nilijifunza Nairobi, nikifagia jukwaa la watu wanaojua. Hakuna aliyenilipia shule. Ufagio ndio ulikuwa shule. Mji huu haujali. Mji huu unamjua Mwalimu Mungania, na watoto wake arobaini, na filimbi yake. Filimbi, watoto wanainua mguu. Filimbi, wanashusha. Huo ni utunzi? Hilo ni gwaride!

Siku ya Jamhuri Afisa wa Utamaduni atachagua kikundi kimoja kwenda tamasha la mkoa, Embu. Kimoja tu. Mimi nina "Kisima": wanaume wanateka maji shimoni, ndoo inapanda mkono kwa mkono, mmoja anaanguka kwa uchovu, ndoo haisimami. Ni nzuri mpaka mimi mwenyewe naogopa. Jirani alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza hayo matofali tunayobeba ni ya kujenga nini.

Jumanne, 8 Desemba

Baba yuko mjini! Mzee Godana mwenyewe. Ametembeza ng'ombe ishirini na watatu kutoka kwetu Korbesa kuja mnada wa Jumatatu. Amepiga kambi ng'ambo ya uwanja wa michezo, pale kwenye migunga.

Miaka tisa hatujaketi pamoja. Alipoambiwa kwamba kifungua mimba wake ameacha mifugo ili arukeruke mbele ya watu, aliuliza kama nimerogwa. Tangu hapo anamtumia salamu mke wangu Batula, anawatumia watoto. Mimi hanitumii.

Nikaenda. Tukajuliana hali ya mvua, hali ya malisho, hali ya watu wa Korbesa, hali ya ng'ombe mmoja mmoja. Ndipo akauliza, macho yako kwa ng'ombe, kama bado naifanya ile kazi. Nikasema ndiyo, Baba. Nikamwambia Jumamosi aje aone, wakubwa wote watakuwepo. Akasema atakuja.

Atakuja! Sasa Embu ni kitu gani? Embu ni mji tu wenye ndizi. Mimi nataka Baba anione nikipigiwa makofi na watu waliovaa tai.

Batula ameniomba safari hii nisilete ujanja. Ujanja gani? Mimi ni mtu wa mipango.

Jumatano, 9 Desemba

Mpango wa kwanza, kumsaidia Baba. Ng'ombe wake wamekonda kwa safari, na mvua ya vuli imegoma. Wachuuzi wa hapa wana njia yao. Unawanyima ng'ombe maji tangu Alhamisi, unawalambisha chumvi, Jumatatu alfajiri unawafungulia wanywe mpaka waseme basi. Wanaingia mnadani matumbo yamevimba, mnunuzi anadhani ni nyama. Baba hakupenda. Akasema hao ng'ombe hawajamkosea. Nikamwambia hesabu za mji naziweza, aniamini mara hii moja. Akasema haya, wewe ndiwe unayeujua mji.

Ameniamini! Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Mpango wa pili, kujisaidia mimi. Najua kwa nini watu wanaona matofali. Kisima hakina wimbo! Kwetu watekaji huimba, na kila mwenye mifugo ana wimbo wake. Ng'ombe wake wakiusikia wanajua zamu yao imefika, wanashuka kunywa. Wa mwenzake hata sikio hawatikisi. Wetu naukumbuka nusu, niliondoka mdogo. Baba anao wote. Lakini huo ni wa kisimani, hawezi kuutoa mbele ya watu wanaokula karanga. Lazima autoe bila kujua anautoa.

Alhamisi, 10 Desemba

Guleid muuza nguo amenipa redio kaseti yake. "Walaal, ndugu yangu," akaniambia, "nina watoto watatu, na hii ni wa nne." Nikaapa.

Nikamleta Baba nyumbani kula. Baada ya chai nikamwambia nina hamu ya kwetu. Nikamwambia wajukuu hawaujui wimbo wa babu yao, nataka wawe wanalala nao. Naam, ndivyo nilivyosema, kwa kinywa hiki. Mzee akajifuta macho kwa pindo la shuka. Kisha akaimba, kwa sauti ya chini, mikono inavuta ndoo isiyokuwepo, na redio kaseti nyuma ya pazia inanasa. Batula alisimama mlangoni na sahani, hakuingia hakutoka. Mtoto wetu mdogo akapitiwa na usingizi kwenye mkeka.

Kwa hiyo si uwongo wote.

Ijumaa, 11 Desemba

Mazoezi na kaseti. Ekeno akasimama katikati ya zoezi, akauliza huyu mzee anamwimbia nani. Nikasema anaiimbia hadhira. Akasema, "Hapana, mwalimu. Huyu anamwita mtu anayemjua." Mpasua mbavu ananifundisha sanaa!

Hotelini Mungania akapaza sauti kutoka meza ya dirishani: "Dima, habari ya mjengo? Mmefika kwa lenta ya madirisha?" Hoteli nzima ikacheka, hata mpishi alitoa kichwa nje ili acheke vizuri. Nikamwambia kesho saa kama hii ataitumia hiyo filimbi kuitia kuku.

Nimemnunulia fundi wa spika chai na mandazi manne. Ameahidi spika zote mbili zitaelekea nje, sauti iwe juu kabisa, asikie mpaka aliyebaki nyumbani. Baba amesema ng'ombe wanalia kwa kiu. Nimemwambia wavumilie, Jumatatu si mbali.

Jumamosi, 12 Desemba. Jamhuri.

Sitaki kuandika. Naandika.

Baba alikuja. Shuka nyeupe, kilemba kipya, amekaa kwenye viti vya wazee. Ng'ombe amewaachia wachungaji wake wawili. Watoto wa Mungania wakainua miguu, wakashusha miguu, wakapigiwa makofi ya adabu. Tukaitwa sisi. Wachezaji wangu wakashuka kisimani: madebe matupu niliyoyapaka udongo. Nikabonyeza kaseti.

Sauti ya Baba ikaujaza uwanja.

Nilimtazama yeye, sikuwatazama wachezaji. Nilitaka nione uso wake ukifurahi. Kwanza aligeuka kutafuta ni nani anayeimba. Kisha akaitambua sauti yake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi. Kama angetoa fimbo ningeshukuru.

Hapo ndipo vumbi likaonekana ng'ambo ya migunga.

Wote ishirini na watatu! Kamba ya uwanja hawakuiona. Hema la wakubwa walipita katikati, likabaki hema la upande mmoja. Dume jekundu likanywa jagi la mgeni wa heshima, likamalizia na maua yake. Mungania akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote kuwazuia ng'ombe, na watoto arobaini wakainua mguu. Askari wakatoa virungu. Ndama akakanyaga redio kaseti, na bado ile sauti ikaendelea kuita. Ekeno alikuwa anacheza! Alimruka ng'ombe mmoja. Uwanja ukapiga mayowe ya furaha, wanawake wakashikana mabega kwa kicheko.

Ng'ombe wakafika kwenye kisima changu. Wakatia pua katika madebe. Mmoja akalamba udongo niliopaka. Akalamba tena. Kicheko kikaanza kufa, kutoka upande wa wafugaji kwanza, kwa sababu wao walielewa.

Baba akaja katikati. Hakupaza sauti. "Ng'ombe wameitwa," akasema. "Maji yako wapi?"

Mfereji wa uwanja ulitoa hewa tu. Maji yalikuwa katika tangi la shule, nyuma ya ukuta, na ufunguo mfukoni mwa Mungania. Nikamwendea mbele ya mji mzima. Nikasema tafadhali, Mwalimu. Nikadhani atauliza ni maji ya kuchanganyia simiti. Wapi! Alikwenda mbio akafungua, akawapanga watoto wake kutoka tangini mpaka kwetu, na ndoo zikaanza kuja mkono kwa mkono, arobaini wake na sita wangu, na Ekeno mwishoni akimimina kwenye pipa lililopasuliwa. Baba akaimba mwenyewe. Ng'ombe walikunywa wote. Nilishika ndoo kama wengine. Hakuna aliyeniona, na nilifurahi.

Ingeishia hapo ningekuwa na aibu moja. Afisa wa Utamaduni akaja, matope mpaka magotini, akanishika mkono kwa mikono miwili. Ameona ngoma nyingi lakini mwisho kama ule, hajawahi. Watu na mifugo na maji ya kweli! Nimewafundishaje wale ng'ombe? Embu ni yetu.

Nilifungua kinywa kusema kweli. Kinywa kikasema, "Ni mazoezi tu, bwana."

Baba alikuwa nyuma yangu. Kiswahili anakisikia vizuri sana.

Jumapili, 13 Desemba

Batula ameniwekea chakula bila kunitazama. Akasema, "Baba Jillo, umemla mzee wimbo wake." Guleid amekuja kuchukua maiti ya mtoto wake wa nne. Hata yeye hakunitukana vya kutosha.

Nikaenda kambini kuomba msamaha. Baba hakuningoja nianze. Akasema asubuhi amewaimbia ng'ombe waende majini, wakasimama wakamtazama. Jana walikuja wakakuta makopo makavu na virungu. Ng'ombe si mjinga. Wimbo ule aliutunga babu yangu, na sasa umekwisha. Itabidi uwepo mwingine.

Kisha akachorachora mchangani kwa fimbo. Akasema yeye si mtunzi, kazi yake ilikuwa kuurithi. Lakini anasikia mimi natunga vitu. Kama nina nafasi, niende naye Korbesa, tukae kisimani mpaka tuupate.

Baba ameniomba kazi yangu! Ile ile ya kurukaruka! Nikasema ndiyo, Baba, kesho kutwa tunaondoka. Nikaenda nyuma ya mgunga nikalia, ng'ombe mmoja akaja kuniangalia.

Jumatatu, 14 Desemba

Mnada. Ng'ombe wamekunywa Jumamosi, kwa hiyo leo matumbo yalikuwa yao wenyewe, membamba, na kiu yote ile ilikuwa ya bure. Baba ameuza wanane kwa bei ya kusikitisha. Kuhusu ushauri wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Jioni Afisa akaniambia wageni kutoka mkoani watakuja wiki ijayo kukagua mchezo. Nisipokuwepo, nafasi anapewa Mungania.

Jumanne, 15 Desemba

Nimemsindikiza Baba mpaka mji ulipoishia. Nilimwambia atangulie, nitamfuata nikimaliza kazi ndogo. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa hali ya mvua.

Lakini njiani alikuwa ananong'ona kitu. Ubeti mmoja, mistari minne. Ameanza kuutafuta peke yake! Akaniimbia, akauliza wa tatu umekaaje. Nikamwambia unachechemea, tuugeuze hivi. Akaujaribu. Akacheka! Tukauimba wote wawili, na ng'ombe kumi na watano mbele yetu, hata mmoja hajui ni wake. Sijawahi kupigiwa makofi yanayofikia hayo. Aliniambia niutunze mpaka nifike, tuumalizie kisimani.

Nilisimama barabarani mpaka vumbi lake likatulia. Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika hilo ili nisilisahau.

Alhamisi, 17 Desemba

Mazoezi. Wote sita, kwa wakati! Embu imewatia adabu.

Embu hawataki ng'ombe, ila wimbo wanautaka. Ule wa zamani sitaugusa tena maisha yangu. Nimeapa mbele ya Batula. Hata nikiukumbuka tu uso unawaka. Hilo nimelimaliza, nimejifunza, basi.

Kwa hiyo nimewafundisha ule mpya, midomo sasa ifunguke. Mistari minne inatosha, wakirudia mara sita mchezo unajaa. Ekeno akauliza mzee anajua? Nikamwambia tumeutunga pamoja, robo yake ni yangu kwa hesabu ya haki, na mstari wa tatu ndio unaobeba mingine. Alichukua kisu chake akarudi buchani.

Nimekwenda tena kwa fundi wa spika. Zielekee nje, nimemwambia, sauti iwe juu kabisa. Safari hii hakuna hatari yoyote. Ng'ombe bado hawaujui.