Ufunguo wa Nyumba ya Valensia

Adham alipofungua ukurasa wa kwanza wa kile kijitabu alikuwa dereva wa teksi. Alipofunga wa mwisho alikuwa amekwisha kukaa Valensia, nchi ya Uhispania, miaka saba.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 1998, chini ya ngome ya Nizwa, Omani, soko la mbuzi limekwisha kutawanyika na abiria hamna. Kijitabu kilisahauliwa kwenye kiti cha nyuma na mama mmoja wa Kiingereza aliyesema anaishi huko Valensia. Lau angesahau mkoba, Adham angemkimbilia nao mpaka hotelini, maana Adham hakuwa mwizi. Alikuwa tapeli, na tofauti ya kazi hizi mbili alikuwa tayari kukueleza hata usipomuuliza. Lakini kijitabu kilikuwa kinawafunza wageni namna ya kuanza maisha mjini mule: wapi pa kujiandikisha, saa ngapi watu hula, jirani anaamkiwaje ndani ya lifti. Elimu kama hiyo, alisema moyoni, Mungu haiachi katika teksi bila sababu. Msiniulize nimejuaje alilolisema moyoni.

Sasa, ili tumhukumu kwa haki, tujue alikuwa anataka nini. Alitaka shamba. Nizwa mtu haulizwi kazi yake, huulizwa, "Shamba lenu liko wapi?" Adham, aliyezaliwa Mwanza na kuja Omani na ndevu zake, alikuwa hana hata mtende mmoja wa kujifutia aibu. Mara tatu alikwenda kuposa, na mara tatu baba wa binti alimmiminia kahawa, akamuuliza habari za mitende, kisha akamsindikiza mlangoni kwa adabu kubwa. Miaka arubaini na nne, na mali yake yote ni teksi moja, rangi ya chungwa na nyeupe, inayokohoa ikipanda mlima.

Na shamba alilolitamani alikuwa analijua: la Bi Kaltham, mjane wa Kiunguja, mitende thelathini ya tende aina ya khalasi na khunezi, na watoto wote wako Maskati wanakula tende za dukani.

Siku ya pili alikwenda kwa Marzouq, mwuza vikorokoro vya kale sokoni, akatoa tairi lake la akiba akapewa kikapu kizima cha funguo za chuma, kila mmoja urefu wa mkono wa mtoto, zilizobaki baada ya nyumba za udongo kuanguka.

"Zinafungua nini hizi?" aliuliza Adham.

"Hazifungui kitu," alisema Marzouq. "Ndiyo maana ninakupa."

Mtu mwingine angesikia onyo hapo.

Adham alifika kwa Bi Kaltham baada ya alasiri, mwezi wa Mei, joto la kuchoma, amevaa koti la sufu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umejifunika blanketi? Una homa?"

"Ni koti, bibi. Damu yangu imezoea Ulaya."

"Maskini," alisema Bi Kaltham. "Kaa karibu na feni basi, Ulaya isikuyeyukie ndani."

Akamhadithia. Zamani za zamani Waarabu walitolewa Valensia, nao walipotoka walifunga milango yao wakachukua funguo. Nyumba zipo mpaka leo. Baraza la mji limechoka kuzifagia, linatafuta wajukuu wa wenyewe waje na funguo wakae. Yeye Adham, baada ya miaka yake saba huko, amefanywa wakili wa jambo hilo kwa jimbo lote la Dakhiliya.

Hapa lazima nimwache Adham aone haya kidogo, ijapokuwa siku ile hakuona. Alikuwa anajua anayemwambia ni nani. Bi Kaltham mwenyewe alifunga mlango wake wa Malindi, Unguja, mwaka sitini na nne, akatoka na ufunguo kiunoni na mtoto mgongoni. Tapeli hodari huchagua uongo unaokaa palepale penye donda.

Bi Kaltham alimsogezea sahani ya tende. Kisha akasema, "Na ukenda huko, mtu hukaaje? Mie sendi mahali nikawa mjinga. Tufunze."

Ndivyo lilivyoanza darasa. Kila Jumatatu, ukumbini kwa Bi Kaltham, kwa kahawa na tende. Nadhir, mwalimu mstaafu wa jirani, alijiandikisha siku ya kwanza baada ya kuuliza kama nyumba zina kivuli cha magari mawili. Alichukua ufunguo kwa mbuzi wawili. Mkewe, Shukriya, hakutaka nyumba moja na mumewe, akachukua wake kwa cherehani.

"Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa," alifundisha Adham, kijitabu amekificha ndani ya koti. "Baada ya hapo maduka hufungwa, watu wanapumzika."

"Kama sisi," alisema Nadhir.

"Kama sisi, lakini kwa Kihispania. Ukiingia kwenye lifti unasalimia. Ukitoka unaaga. Mkijuana vizuri, mnabusiana shavu hili na hili."

"Nani atanibusu mie?" aliuliza Bi Kaltham.

"Wanawake wenzako tu, bibi. Kwa wanaume nitakuombea ruhusa maalumu baraza la mji."

"Usiombe haraka," alisema Bi Kaltham, na Shukriya akapaliwa na kahawa. "Hebu nambie, mwanangu. Soko lao kuu, lile lenye kasuku wa chuma juu ya paa, liko mbali na hizo nyumba?"

Kijitabu hakikutaja kasuku. Jasho lilishuka ndani ya koti kama mfereji.

"Karibu sana, bibi. Kasuku yule unamsikia dirishani."

"Wa chuma?"

"Upepo ukivuma."

"Enhe," alisema Bi Kaltham, akammiminia kahawa nyingine. Nadhir alimuuliza Bi Kaltham kasuku amemjua wapi, naye akajibu kwamba amemwota. Adham aliona hiyo ni baraka: mtu akishaanza kuota, huhitaji kumsukuma.

Siku ya kuchagua ufunguo, Bi Kaltham alimwaga kikapu kizima juu ya mkeka. Alizigusa mmoja mmoja, akaushika mmoja wenye kovu kwenye pete yake, akaupima mkononi, akaunusa.

"Huu," alisema. "Umenikaa mkononi kama nimezaliwa nao."

"Huo una nyumba ya ghorofa mbili, bibi. Na mchungwa uani."

"Na weye unataka nini?"

Adham akatazama dirishani, mitende ilikoinama, kama mtu asiyejali. "Wewe ukihama, shamba litakuwa adha tu. Niandikie mimi, nitalitunza."

Nadhir alitoa macho. Bi Kaltham hakutoa chochote. Alitikisa kikombe chake kuonyesha kahawa imemtosha, akasema, "Haya. Shamba langu kwa nyumba yako. Lakini si desturi yetu mgeni ajilipie njia. Anayemwita mtu kwake humpa nauli. Tiketi yangu juu yako, na hilo koti n'takwenda nalo."

Adham alitoka akaketi ndani ya teksi yake bila kuwasha moto. Teksi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha. Bila ya teksi, akishindwa, atakuwa mtu wa Mwanza asiye na mtende wala gurudumu. Aliushika usukani kama mtu anayeagana na ngamia wake. Halafu akajiona katika kanzu nyeupe, amesimama chini ya khunezi, baba wa binti fulani anamwuliza, "Shamba lenu liko wapi?" naye ananyoosha mkono tu. Wiki ile, ili tiketi ipatikane, teksi iliuzwa kwa mtu wa mji wa Sur, ikaondoka inakohoa, na Adham akafuta pua akasema ni vumbi.

Viza ya Bi Kaltham ilitoka upesi sana, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili.

Hati iliandikwa mbele ya katibu, ikasomwa kwa sauti, neno kwa neno: ardhi, mipaka yake, ukuta, na mitende thelathini. Shahidi alikuwa Mzee Hamood, msimamizi wa zamu za maji ya falaji, yaani ule mfereji unaotoka chini ya jabali na kunywesha mashamba yote. Mzee alimtazama Adham, akakuna ndevu.

"Mmemaliza? Hamna jengine la kuandika?"

"Hamna, mzee," alijibu Adham kwa fahari. "Sisi ni watu wa neno moja."

"Mara ya pili nauliza, mwanangu. Hamna jengine?"

"Khalas, mzee. Hamna."

"Basi Mwenyezi Mungu akubariki," alisema Mzee Hamood, kwa huruma ambayo Adham aliidhania heshima.

Mtaa mzima ulimsindikiza Bi Kaltham uwanja wa ndege wa Seeb, magari sita, halwa na machozi. Yeye mwenyewe hakulia. Alivaa koti la sufu, ufunguo umening'inia kifuani kwa kamba, akamwambia Adham, "Nitunzie mitende yangu."

"Yangu, bibi," alisema Adham, akacheka.

"Kweli," alisema Bi Kaltham. "Yako."

Siku nane Adham alikaa shambani kama sultani. Siku ya tisa udongo ulipasuka. Siku ya kumi na tano makuti ya chini yalianza kukauka, na maji ya falaji yanapita nje ya ukuta, yanaimba, yanakwenda kwa jirani. Akamwendea Mzee Hamood, aliyekuwa amechutama mbele ya kijiti chake cha kupimia zamu kwa kivuli.

"Mzee, zamu yangu lini?"

"Zamu ya nini?"

"Ya maji."

"Una maji weye?"

"Nina shamba!"

"Hilo nalijua, nilitia sahihi. Maji je, uliyanunua?"

Mzee Hamood alimhurumia akamweleza kama anavyoelezwa mtoto: hapa ardhi ni ardhi na maji ni maji. Mtu anaweza kuwa na shamba bila ya tone, na mwingine ana maji bila ya shamba, anayakodisha. Nusu saa ya kila siku ya nane ni ya Bi Kaltham, aliirithi kwa mumewe, na jina lake limo daftarini mpaka sasa. Kila mtoto wa Nizwa anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mara mbili. Mwanza mna ziwa zima, mwanangu, ndiyo maana hamkujifunza kuuliza." Akatia mkono kanzuni. "Ameniachia barua yako. Alisema nikupe siku utakayokuja kuuliza maji. Alikisia siku kumi na nne. Umemzidi kwa moja."

Barua ilikuwa fupi.

"Mwanangu Adham. Ufunguo huu ni wa nyumba ya marehemu mume wangu, huko mji wa Ibra. Lile kovu nilitia mie kwa kuvunjia nazi. Kikapu kile nilimpa Marzouq mwaka jana kwa kuwa nyumba imeanguka. Ulipokirudisha ukumbini kwangu nilitaka kukuuliza kama umeniletea na paka wa nyumba ile. Mjukuu wangu Israa yuko Valensia na mumewe anayesomea kazi ya vigae, miaka miwili ananiita, na miaka miwili nashindwa kwenda kwa sababu ya mitende. Watoto hawaitaki. Maji ya mume wangu siuzi, na mtu wa kununua shamba bila maji Nizwa hayupo. Nilikuwa naomba Mungu aniletee mtu wa bara. Akakuleta na koti. Maji yangu nakuazima, maana mitende haina kosa. Sharti: kila mwaka unipelekee tende na halwa, na kila mwezi uniandikie barua ya hali ya shamba, kweli tupu, bila ya chumvi. Ukiongeza neno moja, Mzee Hamood anafunga maji."

Sharti la tende alilimudu. Lile la kweli lilimtia homa.

Wanafunzi walikuja kudai vyao. Mbuzi wa Nadhir walirudi, mmoja ana mimba, kwa hiyo darasa lile lilimpa Nadhir faida. Shukriya alichukua cherehani lakini ufunguo hakuurudisha. Alisema nyumba ya peke yake, hata ya uongo, haiachi. Nadhir mpaka leo ananiita Balozi. Anamwita Adham, nilitaka kusema.

Na Bi Kaltham aliandika, barua juu ya barua. Kwamba anakaa ghorofa ya tatu. Kwamba watu wale wanapika wali ndani ya sinia bila ya kuufunika, na yeye amewasamehe. Kwamba wana sherbeti ya ndago, zile kokwa za mizizi ya nyasi, tamu. Kwamba kila Alkhamisi adhuhuri wazee wa mifereji wanakaa mbele ya mlango wa kanisa kuu kuhukumu ugomvi wa zamu za maji, na alipowaona mara ya kwanza alikaa chini akalia, kwa sababu ilikuwa kama Mzee Hamood amezaa watoto wanane. "Ulinidanganya kwa kila kitu," aliandika, "na hakuna ulilokosea. Wanakula saa nane. Kwenye lifti nasalimia, nao wanaitika. Ufunguo nimeutundika mlangoni. Jirani akiniuliza wa nyumba gani, namwambia wa kwangu. Na kasuku haimbi, nimesikiliza."

Adham alioa mwaka uliofuata, binti anaitwa Thuraya. Baba mtu aliuliza shamba, akaonyeshwa, akaridhika. Maji hakuuliza. Kwa bahati, yeye alitoka Tabora.

Hiyo ni miaka kumi na moja nyuma, na barua mia na thelathini na kitu. Mtu akiandika kweli tupu kila mwezi kwa miaka yote hiyo, lazima atafute pahali pengine pa kutilia chumvi yake. Ndiyo maana mmenikuta hapa. Lakini sasa niwieni radhi. Kivuli cha kijiti kimegusa jiwe la tatu, nusu saa ni yetu, na huko Valensia kuna bibi wa miaka themanini na mbili anayengojea kujua kama leo nimefungulia maji kwa wakati.