Pana kwa Mchanga, Nyembamba kwa Tope

Nani alimpa jina la Injinia, hakuna aliyekumbuka. Ila mtaa mzima ulijua kwamba kitu pekee alichowahi kuunda ni uongo. Na tusimnyime haki yake, uongo wake ulikuwa imara. Haukuvuja wala kutingishika, na mtu aliweza kuuegemea hata mwaka mzima kabla haujamwangusha.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele ya karakana ya Fundi wa matairi, mikono mfukoni, akilitazama gari lake. Lilikuwa kuukuu, la aina ile iliyoinuka juu kwa ajili ya porini, na alilipata kwa bwana mmoja ambaye mpaka leo anamtafuta. Injini ilikuwa nzima. Breki zilishika zikiombwa kwa adabu. Balaa ilikuwa tairi: zote nne vipara vitupu.

"Kwa hizi utafika kwenye kona ile," Fundi alimwambia, akijifuta mikono kwa tambara. "Ukifika, mshukuru Mungu."

"Jumamosi napanda mlima."

"Na gari nalo linakuja?"

Lazima lije, hapo ndipo penye shida. Injinia alikuwa amependa. Msicheke, hata tapeli ana moyo. Alimpenda mshonaji mmoja wa sare za shule, msichana wa maneno machache na mkasi mkali. Katika kumbembeleza alimwambia siku moja, gari likiwa limeegeshwa mbele ya kibanda chake, "Hili si langu tena, mpenzi. Ni lako. Mimi dereva tu."

Mshonaji akakata uzi kwa meno. "Asante," akasema. "Basi Jumamosi niletee gari langu nyumbani kwetu mlimani. Wazee watakuwepo, na shangazi na mumewe. Shangazi ndiye mwenye neno, na habari za gari na uinjinia wako amezisikia mpaka amechoka. Ukija bila gari, nitajua na mengine yote ni hivyohivyo."

Kununua tairi hakuweza. Na hata angeweza, kununua kitu kihalali kungemharibia jina.

Ndipo likapita gari jeupe, la aina ileile kama lake, tairi pana kama mikeka, mpya zinang'aa, na nyuma limefungwa spea mbili. Injinia alizitazama zile spea mpaka zikapotea kona. Kisha akakumbuka kwamba kule kwenye yadi ya mbao hushinda gari jingine la kijani, pacha wa hilo, lenye tairi nyembamba. Nalo lina spea mbili. Mbili na mbili, hata mtu ambaye si injinia anajua jibu.

"Fundi," akasema taratibu, "Ijumaa usipokee kazi nyingine."

Mwenye gari jeupe alikuwa Mzee wa Saruji, mtu wa tumbo kubwa na mkono mfupi, ambaye hupima nusu mfuko wa saruji mara tatu asije akazidisha. Injinia alimkuta mlangoni mwa duka lake.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Ya tairi."

Mzee akaruka kutazama. "Zina nini? Mbona mpya?"

"Ndiyo maana nakupa pole. Zingekuwa kuukuu ungekuwa umeshazitupa." Injinia akachuchumaa, akaigusa moja kwa kidole kama daktari anayeogopa kusema. "Mzee wangu, tairi pana juu ya tope ni mtu mnene juu ya sabuni. Inaelea, inacheza, inakupeleka mtaroni. Nyembamba inalikata tope mpaka ikute ardhi ngumu. Ikiikuta inang'ata, inakwenda."

Mzee akashusha sauti. "Jumamosi nina safari ya mlimani. Shughuli ya familia. Kuna mtu kila mara hunitangulia, nikifika nimkute kakalia kiti cha katikati, anaendesha kikao yeye."

"Na huyo mtu gari lake lina tairi gani?"

Mzee akafikiri, kisha akajipiga paji la uso. "Nyembamba!"

"Mimi sijasema kitu," Injinia akanong'ona.

Kuhusu malipo alikataa hata senti. Ataleta nyembamba nne, safi kabisa, na yeye mzee atamwachia tu hizi zake, pamoja na spea, maana spea isiyolingana na wenzake ni mzigo wa bure. Mzee wa Saruji alimtazama kwa huruma ile ya mtu aliyeokota pochi na mwenyewe bado yuko mbele yake. Akakubali upesi, mjinga huyu asije akazinduka.

Mama Mbao hakuwa laini hivyo. Alimsikiliza akiwa amesimama kati ya mbao zake, kalamu sikioni, kijiti cha kupimia mkononi.

"Tairi nyembamba kwenye mchanga, mama, ni kisigino kirefu bustanini," Injinia alieleza. "Kila hatua unapanda mti. Pana inaukanyaga mchanga kama ngamia."

"Na tope?"

"Tope gani? Kila penye tope, mama, chini yake kuna mchanga." Hata yeye aliishangaa hiyo.

"Na wewe unapata nini?"

"Radhi zako, mama."

"Radhi zangu ni ghali, mwanangu, ndiyo maana nauliza." Akamtazama kutoka kiatu mpaka nywele. Kisha kitu kikamshinda moyoni. "Kuna mtu hunitambia na tairi zake pana mpaka chakula hakishuki. Jumamosi nataka nimpite njiani nikiwa nampungia mkono. Haya, Ijumaa nitaleta gari."

Ijumaa jeupe liliingia kwa mlango wa mbele na kijani kwa geti la nyuma. Wenyewe kila mmoja aliambiwa arudi saa yake. Katikati, Fundi alitoa jasho.

"Injinia, hii niliyoitoa kule si ndiyo naiweka huku?"

"Fundi, daktari anapomwekea mgonjwa damu, humwuliza ilikuwa ya nani?"

Tairi zilioshwa, zikapakwa mafuta, zikabadilishana miguu. Mzee akaondoka na nyembamba akicheka peke yake. Mama akaondoka na pana akipiga mluzi. Ugani zikabaki spea nne, mbili pana na mbili nyembamba, na Injinia amesimama katikati yake kama bwana harusi.

"Sasa," Fundi akauliza, spana mkononi, "lako tunalifungaje?"

Injinia akafungua mdomo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, mdomo ule haukutoa kitu. Kumbe alikuwa ameshawishi watu wawili kwa ufasaha mkubwa hivi kwamba na yeye mwenyewe ameshawishika mara mbili. Alipowaza tope aliona wazi ukweli wa nyembamba. Alipowaza mchanga alimwona ngamia. Akazunguka gari, akakaa, akainuka. Mwishowe uso ukamng'aa.

"Ile barabara ya mlimani," akasema, "mkono wa kushoto ni ukingo wa mto, mchanga mtupu. Mkono wa kulia ni ukuta wa mlima unaochuruzika maji, tope tupu. Funga pana kushoto, nyembamba kulia."

Fundi akaokota jeki. "Na wakati wa kurudi?"

"Wakati wa kurudi nitakuwa mkwe. Mkwe hata akirudi kwa punda, ni sawa."

Gari lilipotoka karakana lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Injinia alivaa suti ya kijivu na viatu vya kung'aa, akaweka zawadi kwenye kiti, akaenda. Kwenye lami gari lilivutia kulia tu, akalivumilia. Kwenye vumbi likaanza ukaidi. Alipofika chini ya mlima, pale ambapo mchanga na tope vinakutana, kila upande ulifuata mafundisho yake. Nyembamba zikakata tope kwenda kutafuta ardhi ngumu, wala hazikuikuta. Pana zikabaki juu, zikielea kwa raha. Gari likazunguka, likakaa kingamo barabarani kama mlevi, na halikusogea tena.

Injinia akashuka. Tope likamvua kiatu cha kulia, likakimeza.

"Mungu wangu," akasema, na machozi yalimlengalenga kweli, kwa sababu juu kule aliliona paa la nyumba ya akina Mshonaji, na watu wakipanga viti.

Honi ikalia nyuma yake. Gari jeupe! Akainua mikono kwa furaha. Kisha akaona tairi zake, akashusha. Zilikuwa pana. Nyuma ya jeupe likaja la kijani, nalo limerudia nyembamba zake. Wakashuka Mzee wa Saruji na Mama Mbao, wakasimama bega kwa bega.

"Mnajuana?" Injinia aliuliza, sauti imekonda.

"Miaka mingi," alisema Mzee. "Tumezaa watoto watano."

"Magari yetu yanalala uani pamoja," Mama akaongeza. "Jana usiku kila mmoja alitoka na tochi kwenda kulicheka la mwenzake. Huyu hupaka nukta ya kijani kwa ndani ya kila rimu yake, na nukta hizo tukazikuta kwenye gari langu. Tukabaki tunatazamana na tochi zetu. Leo asubuhi tumerudishiana, kila mtu na chake. Spea tu ndizo hatukuziona." Akachungulia chini ya gari la Injinia. "Kumbe hizi hapa. Na umependeza hivyo, mwanangu, unakwenda wapi?"

"Mazishini, mama."

"Pole. Nani amefariki?"

"Mjomba."

"Mungu amrehemu. Sisi tunakwenda kumpokea mposaji. Binti wa kaka yangu, yule mshonaji, kapata injinia mwenye gari."

Injinia akaona kwamba mazishi yale yapo kweli, na marehemu amevaa suti ya kijivu.

Mzee wa Saruji alitoa jeki. Walifanya kazi bila haraka, mke akilegeza nati, mume akivuta, mpaka gari likakaa juu ya mawe, halina mguu hata mmoja.

"Nipandisheni basi," Injinia aliomba. "Nikae hata nyuma."

"Tungependa," alisema Mzee kwa masikitiko. "Lakini langu ni pana, litateleza kwenye tope. Mtaalamu mmoja kaniambia."

"Na langu nyembamba litazama mchangani," alisema Mama. "Tukuue bure?"

"Lakini mnapitaje hapa siku zote?"

Mama Mbao aliinama, akabonyeza kijichuma cha upepo kwenye tairi lake moja baada ya jingine, upepo ukatoka ssss. Mume naye akafanya vivyo hivyo kwenye zake. "Tunapunguza upepo, tunakwenda polepole," Mama akasema. "Pana au nyembamba, likijaa upepo kupita kiasi halishiki njia. Kama mdomo wako, baba."

Wakaondoka. Na kweli walikwenda, wote wawili, taratibu, huku wakipigiana honi kugombea nani atangulie.

Injinia angeweza kugeuka. Njia ya mjini ilikuwa wazi, na mtu wa kazi yake hujua kutoweka. Lakini alimpenda yule msichana, na kwa mara ya kwanza aliona aibu kukimbia. Akapanda, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku.

Alipofika barazani, shangazi na mumewe walikuwa wamebanana juu ya kiti kimoja cha katikati, kila mmoja na nusu yake, hakuna anayekubali kushuka. Wazee walimtazama miguu. Mshonaji alisimama mlangoni.

"Umekuja na gari?" aliuliza.

"Hapana."

"Wewe ni injinia?"

"Hapana."

"Una kazi gani?"

"Kusema uongo. Ila nakupenda, na hilo sijui kulithibitisha, maana mdomo ni huuhuu."

Mama Mbao alimgeukia mumewe. "Kweli nne mfululizo. Mtoto huyu ana homa."

Watu wakacheka, hata babu aliyekuwa amesinzia. Mshonaji naye alicheka, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari langu. Si ulinipa? Ulisema wewe dereva tu, na shoga zangu wote wa kibandani walisikia."

"Lile... ndiyo, lakini mpenzi..."

"Nimeshakubaliana na shangazi. Yeye analichukua liwe la kubebea mbao, mimi ananijengea duka na kuniwekea cherehani mbili za umeme. Toka wiki iliyopita tumeelewana. Ndiyo sababu nilikuambia usije bila nalo. Kumbe umeliacha pale chini? Si neno, watalivuta."

Injinia alimtazama, akamtazama tena. Amekuwa kwenye kazi hii tangu ndevu zake zikiwa manyoya, na hajawahi kuibiwa kwa ustadi hivyo, mchana kweupe, mbele ya wazee, na ushahidi juu. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani.

"Na posa yangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Posa ya nani? Injinia nimeshamwambia hapana," alisema Mshonaji. "Wewe sijakujua bado. Tafuta kazi yenye jina, halafu njoo na jina lako. Na uje kwa miguu."

Akashuka mlima. Chini alimkuta Fundi, ameitwa na Mama Mbao, anafunga nyembamba nne alizotoka nazo karakana kwenye gari ambalo jana lilikuwa lake.

"Si nilikuuliza?" alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Na wakati wa kurudi?"

Injinia alikaa juu ya jiwe, akavua kile kiatu kimoja kilichobaki, akakishika mkononi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Fundi," akasema alipotulia, "pale kwako, hutafuti mtu wa kujaza upepo?"

"Wewe?" Fundi akampa spana. "Wewe utaanza kwa kuupunguza."