Treni Inayopita Bila Hodi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Treni ya Mwendo Kasi,
Makao Makuu, ghorofa ya juu kabisa (naambiwa ndiko uliko).

YAH: DEREVA WENU KUPITA MLANGONI KWA MAMA YAKE BILA SALAMU

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kuisoma mpaka mwisho. Mimi si mgomvi. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwandikia mkubwa yeyote malalamiko, isipokuwa barua moja kuhusu choo cha walimu, na ya pili kuhusu choo hichohicho. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Mimi ndiye mwenye ile nyumba ya bati la kijani iliyo kando ya reli yenu, penye kona kabla ya kuvuka mto. Ukiwa ndani ya treni ni vigumu kuiona, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa gadi wa treni ya abiria ya zamani, ile mliyoistaafisha. Binti yetu, mtoto wangu wa pekee, ni dereva wa treni yenu mpya inayounganisha miji yetu miwili mikubwa.

Kabla hamjajenga, wapimaji wenu walikuja na kofia zao za njano wakapigilia vigingi katikati ya maua yangu. Niliwakaribisha sebuleni. Injinia wao alikuwa kijana mpole, ila wa kuweka kikombe cha moto juu ya meza bila kisahani. Akaniambia, "Mama, reli hii itawaleta watoto wenu karibu." Nikasaini kukubali reli ipite uani kwangu, na alama ya kile kikombe bado ipo mezani hadi leo.

Nakiri kwamba ahadi mmeitimiza. Mwanangu anafika karibu yangu mara nne kwa siku, umbali wa kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha la jiko. Tatizo ni kwamba anafika kwa mwendo wa kilomita mia tatu kwa saa, na kabla sijamaliza kusema "karibu" yuko wilaya nyingine. Ndipo yanapoanza malalamiko yangu, nayo ni haya yafuatayo.

1. Suala la adabu. Mtoto huyu nilimlea mwenyewe na nikamfundisha mwenyewe darasani, kwa hiyo kama hana adabu lawama zinanirudia mara mbili. Nilimfunza kwamba mtu hapiti mlangoni kwa mkubwa kama mbuzi aliyekata kamba. Unasimama, unabisha hodi, unaamkia, unaulizwa habari za utokako, ndipo unaendelea na safari yako. Sasa anapita mlangoni kwa mama yake mzazi na wala hatikisi kichwa.

Jirani yangu fundi cherehani, ambaye mdomo wake una kasi kuliko treni yenu, ameshatangaza mtaa mzima: "Mkataa kwao mtumwa. Amepata kiti cha mbele, kamsahau mama." Nikamwambia mwanangu yuko kazini. Akanijibu, "Hata mwizi yuko kazini, lakini akipita kwa mama yake anasalimia." Nilikosa jibu, Ndugu Mkurugenzi. Mwalimu kukosa jibu mbele ya fundi cherehani ni jambo zito, na bado hamjanifidia.

Nilimpigia mwanangu simu jioni ile kumuuliza. Akasema, "Mama, kwa mwendo ule siioni nyumba. Naangalia ishara za njiani tu." Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulala nusu. Nilimwambia alale salama, nikakata simu, nikakaa pale jikoni nimeumia kama mtoto aliyenyimwa zawadi.

2. Suala la kupunga mkono. Anayenipa taarifa za ujio wa treni ni glasi zangu za kabatini. Zikianza kugongana, najua mwanangu anakuja. Natoka jikoni mbio, navuka sebule, nafungua mlango wa nyuma, nainua mkono, na ninayempungia ni vumbi. Nimejaribu kusubiri uani mapema. Hapo naiwahi treni, lakini chakula kinaungua. Nimeshatupa sufuria mbili, na ya tatu naiangalia tu. Isitoshe, mkono wa mtu mzima hupanda kwa hatua. Nikiulenga kwa dereva, salamu inampata abiria wa behewa la mwisho.

3. Hili limezaliwa na hilo la pili. Kuna abiria wa behewa la mwisho, karani mstaafu mwenye kipara, ambaye husafiri kila wiki kwenda kliniki ya macho. Aliniona nikipunga wiki baada ya wiki akaamini anapungiwa yeye. Siku moja akashuka mwisho wa safari, akapanda basi kurudi huku, akaja kubisha hodi mlangoni kwangu amevaa suti na viatu vinang'aa. "Mama, nimeitikia wito," akasema. Naomba uzingatie kwamba mtu huyu asiyenijua wala simjui alibisha hodi. Kwa aibu nikampa chai. Ameshakuja tena mara kadhaa, na sina la zaidi juu ya hilo. Fundi cherehani analo.

4. Suala la hotpoti. Enzi za treni ya zamani, mume wangu akiwa zamu, treni ilipunguza mwendo hapa kwenye kona, naye aliinama kutoka behewa la nyuma nikampa hotpoti ya chakula mkononi. Wakati wa kurudi alinirushia ikiwa tupu, na siku akiwa na furaha alitia pipi ndani yake. Ndivyo tulivyoishi. Treni ilichelewa? Ilichelewa. Mtu alishiba? Alishiba.

Mwanangu amekonda. Alipokuja nyumbani mara ya mwisho alilala kutwa, akaamka, akala vijiko vitatu, akaondoka kuwahi zamu. Kwa hiyo nikafunga hotpoti kwenye ncha ya mti mrefu, nikaupitisha juu ya uzio wenu, nikitegemea dereva ana dirisha la kufungua kama watu wengine. Kumbe uzio wenu una macho. Treni zote zikasimama. Wakaja walinzi wanne na mbwa, wakaizunguka hotpoti yangu kama jambazi aliyekataa kujisalimisha. Walinzi waliandika maelezo. Mbwa peke yake ndiye aliyetambua kilichomo, na alikimaliza.

Lakini sikuandika hili kwa ajili ya mbwa. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu mjenge, treni yenu ilisimama mbele ya nyumba yangu kwa muda wa kutosha mtu kuteremka, kunawa mikono na kula. Nikakimbilia kwenye uzio. Dereva alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Mwanangu alikuwa na mapumziko siku hiyo, amelala huko mjini.

5. Maombi. Kwa kuzingatia hayo yote, naomba utekeleze mojawapo ya haya, na mimi si mtu wa kuchagua sana.

Treni ikifika kwangu ipunguze mwendo mpaka wa mtu anayetembea. Abiria wenye haraka wanaweza kushuka wakatangulia kwa miguu.

Ikishindikana, dereva apige honi mara tatu kama hodi inavyobishwa, kisha asubiri nimwambie karibu ndipo aendelee. Ikitokea nipo bafuni, asubiri kidogo.

Ikishindikana, jengeni stesheni uani kwangu. Eneo lipo, palipokuwa na banda la kuku. Kuku wenyewe waliacha kutaga siku mlipofanya majaribio, nami sikuwalalamikia maana nao si wenu.

Na ikishindikana kabisa, basi mshusheni cheo mwanangu. Mpelekeni treni ya mizigo, ile ambayo bado inatumia reli ya zamani. Najua alisomea kazi hii kwa taabu. Najua alifanya mtihani pamoja na wanaume wengi akawapita, na siku aliponionyesha sare yake mpya nililia mbele za watu, mimi ambaye wanafunzi waliniita Jiwe. Lakini treni ya mizigo inapita hapa kwa kujikongoja, na dereva wake hunisalimia mpaka habari za kuku. Nimechoka kuwa na mtoto mwenye kazi kubwa ambaye namsikia kwenye glasi tu. Nipeni mwenye kazi ndogo, nimuone uso.

Nina hakika utalifikiria hili kwa moyo wa mzazi, na kama huna mtoto, basi kwa moyo wa mtu aliyewahi kuwa mtoto. Wasalimie wote hapo ofisini: makarani, wakata tiketi, injinia wa kikombe, wale walinzi wanne, na mbwa.

Wako katika kusubiri,

Mwalimu Mstaafu,
Nyumba ya bati la kijani, penye kona.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imekaa juu ya kabati ikisubiri stempu. Jumapili nikasikia hodi. Nikajua si karani, maana karani hukohoa kwanza. Alikuwa mwanangu, na begi lake.

Aliiona barua akaisoma amesimama, akicheka. Alipofika kwenye ombi la mwisho akaacha kucheka, akakaa chini. Ndipo aliponieleza kwamba hakuja kwa mapumziko. Mmemsimamisha kazi. Kumbe kwenye chumba cha dereva kuna mtambo unaorekodi kila sauti, na mkuu wake amemwita kumuuliza huwa anaongea na nani humo ndani hali yuko peke yake. Kila safari, palepale kwenye kona kabla ya mto, mtambo umenasa sauti yake ikisema, "Shikamoo, mama." Mara nne kwa siku, tangu siku ya kwanza ya kazi. Nasikia mnadhani akili yake imechoka, na mnataka kumpeleka treni ya mizigo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungetaka nisimamishe treni, mama." Hapo hakunisingizia.

Ndugu Mkurugenzi, ombi la treni ya mizigo lifute, na mengine yote yafute pia. Barua nakutumia hivyohivyo ilivyo, kwa sababu mmemtaka mwanangu ajieleze na mimi sina maelezo mazuri kuliko haya. Haongei peke yake. Anaongea na mimi. Nyumba haioni, lakini kona anaijua, na kila akifika anabisha kama nilivyomfunza. Mwenye utovu wa adabu nilikuwa mimi, niliyekuwa nakimbizana na sufuria huku naamkiwa mara nne kwa siku wala siitiki.

Mrudisheni kwenye kiti chake, na mwendo msipunguze hata kidogo. Nimeshamweleza fundi cherehani, naye kwa mara ya kwanza amekosa jibu. Glasi zikigongana sitoki tena jikoni. Nitakuwa nakoroga chakula changu na kusema, "Marahaba, mwanangu." Kwa hiyo mkisikiliza mtambo wenu, mkasikia shikamoo na baada yake kimya, msiandike kwamba hakujibiwa.