Ombi la Kupunguza Umri wa Piano ya Shangazi

Ndugu Mthamini wa Ala za Muziki na Samani za Kale,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote unazostahili, na nyingine za akiba. Mimi ni yule fundi cherehani aliyekuwa amekaa karibu na dirisha juzi ulipokuja kwetu, mwenye pini mdomoni na gauni la harusi mapajani. Nakuandikia kulalamika kwamba uliifanya kazi yako vizuri kupita kiasi.

Pengine hukujua umeingia nyumba ya namna gani, kwa hiyo nieleze. Gauni lile ni la Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea na anayekaribia kuolewa. Umri wake ni miaka hamsini na tisa. Amekaa kwenye umri huo kwa muda sasa, na sisi wa nyumbani tumeuzoea kama pazia la sebuleni, hakuna anayeuliza lilinunuliwa lini. Mchumba wake ni yule mgane mpole aliyekuwa kwenye kiti cha mikono, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Saa kwa sababu ya kazi yake. Shangazi atahamia kwake, na chumba chake ni kidogo, hakina nafasi ya piano yetu ya sebuleni. Ndipo mimi nikasema tumwite mthamini, atuambie piano ina umri gani na thamani gani, tuiuze kwa bei ya maana. Ni kweli nilikupigia simu mimi mwenyewe. Hilo lisikupe kiburi.

Ukaja. Ukavua koti, ukafungua kifuniko, ukaondoa ubao wa chini na kuingia na tochi hadi mabegani. Ukatoa humo kitana, kijiko na sindano yangu ya kushonea vifungo niliyokuwa namshuku nayo jirani. Mpaka hapo nilikupenda. Kisha ukapangusa chuma cha ndani kwa leso, ukasoma namba ya kiwandani, ukafunua kitabu chako, na kwa sauti ya mtu anayetangaza bao ukasema, "Piano hii ina miaka sabini na mitatu!"

Sasa malalamiko yangu ni haya.

Kwanza, hukunong'ona. Daktari hunong'ona. Hata muuza nyama, mzani ukiwa na aibu, hunong'ona. Wewe ulitangaza mbele ya chai, mbele ya Shangazi na mbele ya bwana harusi, wakati kila mtu katika mtaa huu amemsikia Shangazi akisema kwamba yeye na piano ile waliingia nyumba hii siku moja. Yaani alizaliwa, na baba yake kwa furaha akaagiza piano. Mimi siwezi kutoa bila kutumia vidole, lakini siku ile niliitoa hesabu nzima kichwani, na pini ikanidondoka.

Pili, nilijaribu kukuokoa, ukakataa kuokoka. Nilikuuliza kwa adabu, "Labda umesoma vibaya, baba? Au namba imeliwa na kutu?" Ukapangusa tena. "Hapana dada, iko safi kabisa." Halafu, kana kwamba hujatosheka, ukaongeza, "Kwa umri huu bado inajitahidi. Ndani imepasuka kidogo, nondo wamekula, na sauti za chini zimelegea. Ila kwa nje imetunzwa vizuri sana." Hukutaja unamzungumzia nani! Shangazi alikitua kikombe chake polepole, na Fundi Saa akakohoa.

Tatu, thamani. Nilijipa moyo kwamba maadam umri umeshatoka hadharani, angalau fedha itatufariji, kwa sababu kitu cha kale ni mali, hilo hata mtoto anajua. Wewe ukazima tochi, ukatuandikia cheti cha umri wake, ukasema kuibeba kutagharimu zaidi kuliko kuinunua. Ndugu Mthamini! Kama haina bei, umri ulikuwa wa nini? Umetuzeesha bila kutulipa. Hata mwizi huchukua kimoja, ama mali ama heshima.

Nne, ulipokuwa unavaa koti, Fundi Saa aliitazama piano, akamtazama Shangazi, akautazama mlango, akaondoka bila kumaliza chai. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kujua muda umekwenda kiasi gani. Shangazi naye aliingia chumbani akafunga mlango. Tangu hapo hasemi na sisi wa nyumbani, tunasikia tu vitu vikiburutwa sakafuni, na mara moja kicheko, ambacho mimi nakitafsiri kuwa ni kilio kilichopotea njia.

Tano, jirani wa chini. Sakafu yetu ni dari yake, na masikio yake yanafika popote. Yeye na Shangazi wamekuwa mashoga miaka yote, wanaazimiana chumvi na kusengenya wapangaji wa ghorofa ya pili. Jana asubuhi walikutana kwenye ngazi, na mwanamke yule, macho makavu, akasema, "Shikamoo." Sikiliza tena: shikamoo! Na Shangazi, kwa mshtuko, akaitikia, "Marahaba." Hapo kesi ikawa imefungwa.

Sita, gauni. Kitambaa nimekikata kwa bibi harusi wa miaka hamsini na tisa, kikiwa wazi shingoni na kimebana kiunoni. Sasa umeniongezea miaka kumi na minne na hujaniongezea hata shibiri moja ya kitambaa. Nifunike shingo kwa kitu gani, kwa cheti chako?

Kwa kuwa ninaamini wewe ni mtu muungwana uliyekosea kwa bidii, naomba yafuatayo. Uandike cheti kipya kinachosema piano ina miaka hamsini na tisa. Kama kitabu chako hakiwezi kushuka hadi huko, anzia sitini na mbili, tutakutana katikati. Kama hilo nalo ni gumu, tupe vyeti viwili, cha uzee kwa ajili ya wanunuzi na cha ujana kwa ajili ya wachumba.

Ukiniambia sheria ya kazi hairuhusu, nitakujibu kama fundi kwa fundi. Kitambaa kikiwa bado kwenye jora si gauni. Vivyo hivyo piano iliyokaa dukani bila kupigwa haijazaliwa, kwa hiyo miaka ya dukani itolewe. Miaka ambayo kifuniko kilikuwa kimefungwa itolewe pia, kwa maana huwezi kumhesabia mtu usingizi wake. Mimi nimejaribu kuondoa usiku peke yake, na piano ikabaki na miaka thelathini na kitu. Ninajua kwamba kwa hesabu hiyo Shangazi atakuwa mdogo kuliko mimi, na itabidi aanze kuniamkia. Niko tayari kulivumilia hilo kwa ajili ya ndoa yake.

Nisalimie mkeo, watoto, wenzako wa ofisini, na yeyote aliyekufundisha kusoma namba ndogo gizani. Mwambie ningependa kuonana naye.

Wako mwenye uchungu lakini mwenye adabu,
Fundi cherehani, mtoto wa kaka yake mwenye piano

Nyongeza: Nilimpa Shangazi barua hii anisahihishie herufi kabla sijaifunga. Amecheka mpaka ameshika ukuta. Anasema ni kweli waliingia nyumba hii siku moja, yaani siku ya kuhamia. Yeye alikuwa msichana wa shule asiye na meno ya mbele, amekaa juu ya lori la vyombo, na baba yake alikuwa amenunua piano iliyokwisha kutumika kwenye klabu iliyofungwa. Kwa hiyo namba uliyosoma inaihusu piano peke yake. Kuhusu Fundi Saa, anasema huyo alikuwa anakaa nyuma yake darasa la tatu akinakili hesabu zake, na ile hamsini na tisa ni ya kwetu sisi na majirani, yeye haimhusu. Aliondoka haraka kwenda kupima mlango wake, maana uliposema haiuziki, Shangazi alimkonyeza kwamba basi wanaenda nayo. Na mle chumbani alikuwa anafungasha.

Kwa hiyo futa la kwanza hadi la sita, pamoja na maombi yote. Ningeiandika upya, lakini hapa hapaandikiki. Wabebaji wameishusha piano hadi kwenye kona ya ngazi na imekwama, haipandi wala haishuki. Wao wanapumzika, Shangazi amevuta kigoda anaipiga hapo hapo kwa mikono yote miwili, zile sauti za chini zikilegea vizuri sana, Fundi Saa anaimba akiwa ameishikilia kwa bega, na jirani wa chini, asiyeweza kutoka wala kuingia, anacheza. Nimevua viatu. Natambaa chini ya piano kuja kuitia barua hii posta.