Mlowezi Halisi Ni Mimi

Bulugala, Magu
Machi, 1996

Ndugu Katibu Ngosha,
Kamati ya Kumbukumbu ya Mji,

Marahaba. Shikamoo hukuileta ulipokuja kunitoa nyumbani kwangu, lakini naipokea hivyo hivyo, nisije nikaonekana sina adabu kama wewe.

Mmetundika kibao cha bati ukutani kwangu: "Nyumba ya Mlowezi wa Kwanza." Mkaniambia nihame kabla ya Pasaka, nyumba ikae kama Mzungu wa pamba alivyoiacha, watalii waje na dola zao, maana siku hizi ni soko huria. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, barua hii naandika mwenyewe. Sihami. Sababu ni hizi:

1. Hilo neno lenu. Mwalimu Venant ananieleza eti mlowezi ni mtu aliyelowea, yaani aliyehamia mahali akakaa. Nikamwambia, mwanangu, hapa kwetu watu hawalowei, wanalowa. Na yule Mzungu hakulowa hata siku moja. Akienda kupima pamba mvua inanyesha, marehemu mume wangu Mhoja, mpishi wake, ndiye aliyemshikia mwavuli. Mwavuli wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja. Nadhani unaelewa nani alilowa.

2. Huo "wa kwanza". Siku aliyofika alipewa maji ya kunywa na mama mkwe wangu. Kama yeye ndiye wa kwanza, aliyempa maji alikuwa nani, kenge?

3. "Kama alivyoiacha." Aliiacha na dari na bati jipya. Basi vileteni. Dari limeoza lote, bati limetoboka juu ya kitanda changu, mvua ikinyesha nalala na sufuria mbili na bakuli kama wake wenza. Nilipowaomba kipande cha bati mlisema hakuna fungu. Fungu la kibao lilitoka wapi? Tena bati nene, halina hata mkunjo, na rangi ya mafuta juu.

4. Kwa hiyo mlowezi wa kwanza ni Mhoja, na wa sasa ni mimi. Kibao kiandikwe upya kwa majina yetu. Watalii waje masika, muwapatie vigoda, wakae pembeni ya kitanda waone ninavyolowa. Mzungu wenu kazi hiyo haiwezi. Na hata tukifuata maana ya Mwalimu Venant, yeye aliondoka. Mimi nipo.

5. Mkinitoa mimi, hao watalii mtawaonyesha nini? Sufuria?

Nisalimie mkeo Evelina, mwambie ungo wangu aurudishe. Nisalimie Mwenyekiti, aliyesinzia kikao chote nilipokuwa nasema. Msalimie na fundi rangi, mwandiko wake unasomeka vizuri.

Ni mimi nisiyehama,
Bibi Suzana Mhoja

Nyongeza: Kibao mkikikosa ukutani msiwashuku vijana. Fundi Pius amekipigilia juu ya kitanda changu, maandishi yametazama chini, nikilala nayasoma. Mvua ya jana imenyesha mpaka ikachoka, sikulowa hata kidole. Kwa hiyo majina yetu msiyaandike tena. Humu mlowezi hayupo, yupo bibi tu, amelala pakavu.