Babu Mazengo Anakaa Namba Moja

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwanangu Emiliana ana sauti mia moja ishirini na nane ndani ya kompyuta! Nimezihesabu mwenyewe. Darasa langu la saba halikwenda bure. Anachomeka kinanda, anachagua namba kwenye orodha, inatoka filimbi. Anachagua nyingine, ngoma! Hapa kwetu Zuzu nzima hakuna binti wa hivyo. Zuzu nzima nimeijulisha.

Jumapili kwaya ya kanisa inachagua mpiga kinanda. Ni Emi au Obedi, mtoto wa jirani yangu Paulina. Leo bombani Paulina kasema Obedi hahitaji kompyuta, anatumia vidole alivyopewa na Mungu. Nikamwambia Emi anavyo vidole, na kompyuta juu. Akaondoka na ndoo nusu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimegundua tatizo. Emi katafuta sauti moja mpaka kasonya. Nikachungulia. Vurugu tupu! Namba moja, kinanda kikubwa cha makanisa ya Ulaya. Namba mbili, fidla, sijui kaalikwa na nani. Na baba yangu? Babu Mazengo wa Mlali, ambaye Emi alikwenda mpaka kwake kurekodi ilimba yake, ile ya kupiga kwa vidole gumba? Namba mia moja ishirini na saba! Baada yake kengele za mbuzi wake. Mzee mzima kakaa nyuma na mbuzi! Ingekuwa harusini, kesi ingefika kwa mjumbe.

Alhamisi, 11 Septemba

Emi kaenda chuoni. Nimeingia kazini.

Kukamata jina kwa kipanya na kulivuta najua, alinifundisha mwenyewe. Na kupanga viti nani ananishinda? Mwanne alipoagwa kwenda kuolewa, sendofu ya watu mia tatu, nilipanga mimi. Hakuna aliyenuna. Isipokuwa Paulina.

Babu, namba moja. Mbuzi wake, namba mbili, maana hawaachani. Ngoma, ndio wakwe, tatu hadi tisa. Filimbi ni vijana, wafuate. Kinanda cha Ulaya ni mgeni mstaarabu, atavumilia: sabini na nne. Fidla karibu na mlango. Kuna moja inalia kama friji inayokata roho; hiyo mwisho kabisa.

Nimehifadhi. Nimefuta vumbi. Simwambii. Atashangaa Jumapili.

Jumamosi, 13 Septemba

Umeme hakuna tangu jana asubuhi. Emi kaizima kompyuta, anatunza chaji ya kesho. Kafanya mazoezi juu ya meza ya chakula, vidole tu, kimya. Kasema akikosa nafasi hii ataacha muziki, atauza vitenge. Moyo ukaniuma. Nusura nimwambie habari ya viti.

Kinanda cha Obedi kinatumia betri. Kimelia kutwa. Paulina kaja kuuliza kama kinatusumbua. Nikamjibu kumbe kile kilikuwa kinanda, sisi tulidhani cherehani.

Jumapili, 14 Septemba

Jamani!

Obedi kaanza. Hajakosea hata kidogo. Watu wakapiga makofi kama ya mkutano wa kijiji.

Emi kakaa. Wimbo wa toba, wa polepole. Mwalimu Joshua wa kwaya kainua mikono. Emi kabonyeza. Ikatoka ilimba ya Babu! Mahali pa fidla, kengele za mbuzi! Mikono ya Mwalimu ikabaki hewani. Emi kanitazama. Nikampungia.

Bibi Anna, anayelala kila ibada mpaka sadaka, akaamka. Mabega yakaanza kucheza. Bibi wa pili. Benchi zima! Emi kauma midomo, kisha kaufuata mdundo na vidole vikakimbia. Vigelegele! Kwaya imeimba toba inacheka. Paulina kacheza mpaka kilemba kikaanguka. Nilimwokotea. Mimi si mtu wa kinyongo.

Mwalimu Joshua kasema mpiga kinanda ni Emi, na awe anapiga hivyo hivyo. Nimelia kwa sauti, makusudi, wasikie mpaka nje.

Nyumbani Emi kauliza kama niligusa orodha. Nikasema sikugusa, nilipanga. Akaeleza, akishika kichwa: wimbo aliouhifadhi humo haukumbuki jina la sauti, unakumbuka namba ya kiti. Ukiita moja, anainuka aliyekaa hapo. Kasema nusura afe pale pale. Kisha kanikumbatia, anacheka na kulia. Nimeapa sitagusa tena.

Jumanne, 16 Septemba

Emi karudisha orodha yake ya zamani na kutengeneza ya pili kwa wimbo ule. Sawa. Kaweka na neno la siri. Mama yake mzazi!

Nimejaribu Emiliana. Imekataa. Nimejaribu jina langu. Imekataa, nimelimeza. Nimeandika Mazengo. Ikafunguka! Hata kompyuta inajua mkubwa wa ukoo ni nani.

Nyimbo za Krismasi zimo humo, zote zinaita viti kwa namba. Sigusi, kiapo ni kiapo. Lakini Babu amerudi nyuma na mbuzi, na mwenye kiapo ni mimi, si yeye. Nimemsindikiza tu kwenye kiti chake.